Sanduku la riwaya la darasa la tano na la sita: shajara ya mradi, Muheza, 2025

18 Januari 2025: Tunaanza

Nafundisha Kiswahili darasa la tano na la sita katika shule ya kijijini, wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Watoto wangu wanajua kusoma. Wape kifungu cha ufahamu cha nusu ukurasa, watakisoma na maswali watayajibu. Ila juma hili nilipouliza darasani nani amewahi kumaliza kitabu cha hadithi chenye sura zaidi ya moja, mikono iliyoinuka ilikuwa minne. Minne, katika madarasa mawili yaliyojaa hadi dirishani.

Nyumbani wengi wanasikia Kibondei au Kisambaa, lakini Kiswahili ndiyo lugha yao ya mchezo na ya ugomvi, kwa hiyo sikubali kwamba tatizo ni lugha. Nadhani hawajapata vitabu, na wakivipata hawana wa kuwakwamua.

Mpango ni huu: sanduku moja lenye kufuli, riwaya fupi za kurasa 60 hadi 120, kamusi, na zana za lugha za kumsaidia mtoto anapokwama. Walimu wenzangu, wazazi na vijana wawili waliosoma hapa wamechanga jumla ya shilingi 450,000. Nitaandika kila kitu, hasara zikiwemo, ili atakayeanza baada yangu asizirudie.

Fundi seremala ameshaanza sanduku. Nimechagua mbao za paini kwa sababu ya bei, ingawa msitu wa mitiki wa Longuza uko humu humu wilayani.

Gharama: sanduku na kufuli 75,000.

1 Februari 2025: Ununuzi wa kwanza

Nimekwenda Tanga mjini na kurudi na vitabu 18, vya majina 18 tofauti, nakala moja moja. Niliona ni busara: watoto wana ladha mbalimbali, kila mmoja achague chake. Daftari la kuazimia limefunguliwa: jina, kitabu, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha.

Gharama: vitabu 108,000, nauli 6,000.

22 Februari 2025: Hadithi za picha zimegoma

Ili kujaza sanduku kwa bei nafuu, nilipakua hadithi nane za Kiswahili kutoka African Storybook, mpango wa Afrika Kusini unaotoa hadithi za watoto kwa leseni huria. Unaruhusiwa kuchapa na kugawa bila kumwomba mtu. Hadithi zake zimepangwa kwa ngazi tano, na mimi nilichukua za juu nikidhani zitawatosha watoto wa darasa la tano.

Kijana wa miaka kumi na moja alimaliza moja kabla sijamaliza kuandika jina lake kwenye daftari la kuazimia. Akanirudishia kwa heshima zote, akasema, "Mwalimu, hii ni ya mdogo wangu." Alikuwa sahihi. Hata zile ndefu kabisa ni vitabu vya picha vyenye aya chache kila ukurasa. Zinamfaa sana anayejifunza kuunganisha sentensi, na mtoto wa kwangu keshapita hapo. Yeye anahitaji hadithi itakayomlaza leo na kumwamsha kesho akiwa bado hajui mwisho wake.

Zote nane nimewapa walimu wa darasa la kwanza na la pili, na huko zinagombewa. Kwa mradi huu, hata hivyo, ni hasara, na kosa langu lilikuwa kuchapa kabla ya kumsomesha mtoto hata mmoja kwenye simu.

Gharama: kuchapa kurasa 128 za rangi 38,400, kubana 12,000.

15 Machi 2025: Vidole vitano vimenidanganya

Watoto wengi wanachukua riwaya na kuirudisha baada ya siku mbili wakisema ni ngumu. Nikawafundisha kanuni ya vidole vitano, ambayo walimu wengi wanaijua: fungua ukurasa wowote, soma, kila ukikutana na neno usilolijua kunja kidole. Vidole vikikunjika vyote vitano, kitabu hicho kimekuzidi, tafuta kingine.

Matokeo yake, karibu kila kitabu kilikataliwa. Mkono mzima ulikunjika kabla ya aya ya tatu.

Nikakaa na binti mmoja wa darasa la sita, nikamwomba anioneshe maneno yaliyokunja vidole vyake. Yalikuwa haya: *wasingalimwamini*, *aliyekwishaondoka*, *zilizomwagikia*, *walipokaribiana*, na *utusitusi*. Nikamuuliza, kuamini ni nini? Anajua. Kuondoka? Anajua. Maji yakimwagika? Akacheka, kwa nini nisijue. Kati ya maneno matano, ambalo hakulijua kweli ni *utusitusi* peke yake. Manne mengine aliyajua tangu ana miaka mitatu, ila yalikuja yamevaa makoti matatu matatu, hakuyatambua.

Sasa naona nilipokosea tangu mwanzo. Kiswahili kinabeba sentensi nzima ndani ya neno moja. *Wasingalimwamini* ina mtenda, ukanushi, wakati na mtendwa, vyote kabla hujafika kwenye kuamini kwenyewe. Katika mazungumzo mtoto anaelewa bila shida kwa sababu sauti na uso wa msemaji vinambeba. Kwenye karatasi anaona herufi kumi na sita zimeshikana.

Kanuni nimeibadilisha. Kabla ya kukunja kidole, mtoto ajiulize: *ndani ya neno hili kuna neno gani ninalolijua?* Akilipata, kidole hakikunjwi. Na kikomo nimekishusha hadi vidole vitatu, maana atakayekutana na maneno matatu mageni kabisa katika ukurasa mmoja amekwama kweli.

Ni mwezi wa Ramadhani, mchana watoto wengi wamechoka, nami sikulazimisha mtu kusoma darasani. Baadhi wanasoma nyumbani baada ya futari. Mmoja ameniambia anamsomea bibi yake kwa sauti, na bibi ndiye anayemuuliza, "Enhe, ikawaje?" Hili sikulipanga.

12 Aprili 2025: Kamusi, na mtoto aliyetafuta "mbia"

Ingizo hili litakuwa refu.

Nimepata kamusi tatu zilizotumika: nakala mbili za Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile ya TUKI (sasa TATAKI), taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotoka mara ya kwanza 1981, na moja ya Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa. Nilidhani kuziweka mezani kunatosha.

Shida ya kwanza ilikuwa mpangilio wa herufi. Watoto wetu wanaanza kusoma kwa irabu, a e i o u, kisha silabi, ba be bi bo bu. Mfuatano wa a, b, ch, d wanaujua kwa wimbo wa Kiingereza tu, na kila wakitafuta herufi wanaanza wimbo upya. Nikabandika vipande vya selotepu ya karatasi pembeni mwa kurasa, kila herufi na bendera yake, na mfuatano mzima nikauandika ndani ya jalada. K na M nimezigawa mara mbili mbili kwa sababu ni nene mno. Tatizo likaisha kwa siku mbili.

Shida ya pili ndiyo yenyewe. Mtoto anakutana na *alimpigia*, anafungua A, hakuna. Kamusi za Kiswahili huweka kitenzi chini ya umbo lake la msingi, kwa hiyo neno hilo liko P, kwenye *piga*. Basi nikatunga mchezo nikauita Vua Neno. Maneno yameandikwa kwenye vipande vya manila, na mtoto anakata kwa mkasi: a / li / m / pigia. Kinachobaki ndicho anachokitafuta.

Siku ya pili mtoto mmoja alikaa na kamusi kipindi kizima, amekunja uso. Nikamuuliza anatafuta nini. "Mbia, Mwalimu." Neno lake lilikuwa *alikimbia*. Alikata a, akakata li, akaona *ki* kama aliyoiona kwenye *akija* na *akisema*, akaikata nayo. Akabakiwa na *mbia*. Hakukosea hata kidogo kwa kanuni niliyompa mimi. Mwenzake alivua *aliamka* akapata *mka*. Nilikuwa nimewapa mkasi bila kuwaambia wakate mpaka wapi.

Nilijaribu kurekebisha kwa orodha ya viambishi ukutani. Haikusaidia, maana orodha haimwambii mtoto kama *ki* hii ni kiambishi au ni sehemu ya mzizi. Kilichofanya kazi kilitoka uwanjani, nikiwasikiliza wakicheza: "Kimbia! Piga! Ruka! Kamata!" Nikaanzisha jaribio la amri. Ukishavua neno, mwamrishe mwenzako kwa kilichobaki. Akiweza kutenda, umefika. *Kimbia!* anakimbia. *Mbia!* anakutazama tu. *Amka!* anainuka. *Mka!* hakuna kitu.

Kwa *pigia* na wenzake kuna hatua ya ziada: pigia, pigwa, pigana na pigisha wote ni watoto wa *piga*, na kamusi huwakusanya kwa mzazi wao. Hilo walilishika haraka kuliko nilivyotarajia, pengine kwa sababu ya huo mfano wa mzazi.

Jaribio la amri lina mashimo yake, na ni bora uyajue kabla watoto hawajakuumbua. Amri ya kula ni *kula!*, na mtoto atafungua K, kumbe kamusi imeiweka L, kwenye *la*. Vivyo hivyo *nywa* na *fa*. Kuja ndiyo balaa, maana amri yake ni *njoo*, wakati kamusi inataka *ja*. Na amri ya kwenda ni *nenda*, huku kitenzi chenyewe ni *enda*. Ni maneno machache. Nimeyaandika kwa wino mwekundu kwenye manila moja yenye kichwa "Wasiotii amri".

Nomino nilidhani ni rahisi: rudisha kwenye umoja. Vitabu, kitabu. Miti, mti. Hata meno na jino hayakuwasumbua. Waliponipeleka puta ni nomino zinazoanza na U. *Nyuzi* wanazitafuta N, kumbe ziko U, kwenye *uzi*. Nyuso ni *uso*, ndimi ni *ulimi*, nyufa ni *ufa*, mbao ni *ubao*. Kisha likaja neno *kuta*. Riwaya ilisema, "akazitazama kuta za chumba". Mtoto akafungua kamusi, akakuta *kuta* ipo, ni kitenzi, maana yake kufikia kitu au mtu mahali. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu alikuwa peke yake, amemkuta nani?" Kamusi ilimjibu, tena kwa usahihi, kuhusu neno jingine. Tangu siku hiyo kanuni yetu ina sehemu ya pili: ukipata maana, irudishe kwenye sentensi uisome upya. Isipokaa, rudi ukatafute umoja.

Ufupisho wa kamusi, *nm* kwa nomino na *kt* kwa kitenzi, waliudhani ni makosa ya uchapaji. Nimeuandika pamoja na bendera za herufi ndani ya jalada.

Gharama: kamusi 84,000, manila kumi 10,000, selotepu 5,000.

10 Mei 2025: Masika

Mvua za mwaka huu zimetupata. Nilifungua sanduku baada ya siku nne nikakutana na harufu ya kuvu, na chini kabisa njia ya mchwa iliyotoka sakafuni ikapenya kwenye ubao. Vitabu viwili vimeliwa pembeni. Paini nimeijutia.

Nikafanya kosa la pili kwa haraka: nilianika vitabu vyote juani. Jua la siku moja lilikausha gundi, na jioni kurasa za vitabu vitano zilikuwa zinachomoka kama majani ya mgomba. Vitabu vyenye unyevu vianikwe kivulini penye upepo, vimesimama wima, kurasa zimetawanywa.

Vile vitano vimeokolewa na fundi viatu wa gulioni, kwa sindano na uzi wake wa kushonea soli. Alitoboa matundu matatu ubavuni na kupitisha uzi mara mbili. Alikataa malipo aliposikia ni vya shule. Sasa ni imara kuliko vilivyotoka dukani, na kitabu chochote kipya tunakishona kabla ya kukiazimisha.

Sanduku limepandishwa juu ya matofali manne, miguu na upande wa chini vimepakwa oili chafu kutoka gereji. Paka nje tu. Ndani tuliweka nailoni, na kila kitabu kimevishwa jalada la nailoni. Kila Ijumaa sanduku linaachwa wazi kipindi kizima lipate hewa.

Tulipokuwa tunatafuta matofali hayo stoo ndipo tukakuta boksi la vitabu tisa vya hadithi, vingine vina muhuri wa Mradi wa Vitabu vya Watoto, ule ulioanza 1991. Vilikuwa vimefungiwa humo visichakae. Viko salama, na vitatu kati yake ni vya urefu ule ule ninaoutafuta. Kabla hujanunua kitabu hata kimoja, omba ufunguo wa stoo.

Gharama: nailoni 12,000.

19 Julai 2025: Majina machache, nakala nyingi

Katika muhula wa kwanza daftari la kuazimia lilionesha kitu kimoja kila ukurasa: watoto wanaishia sura ya pili au ya tatu. Nilipowauliza, hawakusema kitabu ni kibaya. Walisema wamesahau nani ni nani, na hakuna wa kumuuliza kwa sababu hakuna mwingine anayekisoma. Majina 18, nakala moja moja. Nilikuwa nimemfungia kila mtoto peke yake na kitabu chake.

Kwa hiyo nimerudi Tanga na kununua riwaya mbili tu, nakala sita sita. Nilishauriwa ninunue moja nitoe kopi, na ninajua wengi hufanya hivyo. Piga hesabu kwanza. Riwaya ya kurasa 96, kurasa mbili kwa karatasi, ni kopi 48 za shilingi mia, yaani 4,800. Kubana 1,500. Jumla 6,300, kwa kitu cheusi cheusi kisicho na jalada. Nakala halisi nilinunua kwa 6,500. Kwa tofauti ya shilingi mia mbili ungekuwa umevunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na kumnyima mwandishi wa Kiswahili riziki yake, naye ndiye tunayemtegemea aandike kitabu kijacho.

Watoto sita wanasoma kitabu kimoja, sura moja kwa siku mbili, kisha wanakaa chini ya mwembe dakika ishirini. Mwanzoni niliwapa karatasi ya maswali kumi kwa kila sura. Wakafanya nilichowafundisha miaka yote: mmoja anajibu, watano wananakili. Nikaiondoa. Sasa kila mtoto anakuja na mambo mawili tu, neno moja alilolivua na swali moja ambalo yeye mwenyewe hana jibu lake. Maswali yao ni makali kuliko yangu. Kundi moja lilibishana siku tatu kama mjomba kwenye hadithi aliiba au alichukua kilicho chake.

Kwa kusahau wahusika, tumekata alamisho za manila zilizobaki. Upande mmoja majina ya wahusika yanaandikwa kadiri wanavyotokea, pamoja na undugu wao. Upande wa pili ni maneno. Usiwaandikie majina mapema. Nilijaribu kwa kundi la kwanza, na mtoto mmoja aliona jina la "baba halisi" akajua siri ya hadithi kabla ya sura ya pili. Alihuzunika, nami pia.

Gharama: vitabu 12, 78,000, nauli 6,000.

13 Septemba 2025: Maneno ya jirani

Riwaya moja kati ya zile mbili imechapwa Kenya, kwa ajili ya watoto wa gredi za juu za msingi. Kiswahili chake kizuri, lakini watoto walikwama pasipo na ugumu: *rununu*, *tarakilishi*, *matatu*, *karo*, *stima*. Kuvua neno hakusaidii hapa, maana hakuna cha kuvua. Walivyogundua kwamba ni simu ya mkononi, kompyuta, daladala, ada na umeme, wakafurahi kama waliopata lugha ya siri. Siku mbili uwanja mzima ulikuwa "leta rununu yako".

Tumebandika karatasi ndani ya jalada la nyuma, "Majirani wanasemaje", na kila kundi linaongeza. Mtoto mwenye ndugu Unguja ameleta *skuli*. Mwingine akauliza kama maneno ya Kibondei yanaruhusiwa. Yanaruhusiwa, kwenye safu yake.

Hakuna gharama.

18 Oktoba 2025: Hesabu na yaliyobaki

Matumizi yote ni 434,400. Zimebaki 15,600, za uzi, nailoni na selotepu. Kwa ujuzi nilionao leo nisingechapa zile hadithi za picha, ningeanza na stoo, na fedha ya majina 18 ningeinunulia majina matatu kwa nakala sita sita. Mbao ningechukua mtiki, hata kama sanduku lingekuwa dogo.

Waliomaliza riwaya nzima tangu Julai ni 31. Wengine bado wanaishia njiani, hasa wavulana watatu wa darasa la tano ambao bado hawajasoma silabi kwa wepesi. Kwao riwaya si dawa. Nimewarudisha kwenye zile hadithi za picha kule darasa la pili, wanazisoma kwa kuwasomea wadogo, na hivyo hawaoni aibu.

Bado sijapata njia nzuri ya methali na nahau. Mtoto akivua *amepiga moyo konde* neno kwa neno anapata picha ya mtu anayejipiga kifua, na kamusi inamsaidia tu kama anajua aanzie neno lipi. Muhula ujao nitajaribu kadi za nahau zilizopangwa kwa kitenzi, piga peke yake, kata peke yake, na nitaandika hapa jinsi itakavyokwenda.

Januari sanduku litakwenda shule jirani kwa muhula mmoja, pamoja na mkasi, manila za Vua Neno na nakala ya shajara hii. Nakala zote 12 za riwaya zilikaguliwa jana, 11 zimerudi. Ya kumi na mbili iko kwa yule bibi wa mwezi wa Ramadhani. Mjukuu wake alikuja kuomba radhi: wamebakiza sura tatu, na bibi amekataa asimuliwe kwa kifupi. Nimeandika wiki mbili zaidi kwenye daftari.